Kipa wa Pili wa Daraja la Pili



Kila tupigapo simu nyumbani, mazungumzo hufuata njia ile ile. Huulizwa kwanza afya, kisha baridi, kisha nani kaolewa na nani katangulia mbele ya haki, na mwisho, kabla ya kuagana, ndugu zetu wa Kibokoni na Kuze hucheka kidogo na kuuliza, "Na huyo mtoto, bado yuwacheza ndani ya friji?" Miaka mitatu sasa tumekuwa tukilijibu swali hilo vipande vipande, leo hili, kesho lile. Na kwa kuwa jarida hili husomwa na karibu jamaa zetu wote, tumeona tulijibu mara moja kwa maandishi, ili simu zibaki kwa mambo mengine.

Sisi ni mume na mke wa Mombasa, tuliohamia jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mtoto wetu wa kwanza akiwa na umri wa miaka minne. Huyo wa kwanza ndiye mwenye kisa. Msimu uliopita alikuwa mwaka wa tatu chuoni, mwendo wa saa tano kwa gari kutoka kwetu, akisoma uhandisi, na alikuwa kipa katika timu ya chuo chake ya hoki ya barafuni. Tuseme kwa usahihi zaidi: alikuwa kipa wa pili.

Tuanze na hiyo barafu. Jimbo letu lina maziwa mengi mno. Hata bamba za nambari za magari zimeandikwa kwamba hapa pana maziwa 10,000. Ifikapo Januari maji hayo huganda, barafu ikawa nene kiasi cha kubeba gari, na watu wazima huenda kuketi juu yake wakitoboa tundu na kuvua samaki. Watoto nao huteleza. Kama vile watoto wa Mji wa Kale wajirushavyo baharini bila kufundishwa na mtu, ndivyo watoto wa huku wavaavyo viatu vyenye makali ya chuma wakaingia ziwani. Mwanetu aliazimwa viatu hivyo na jirani akiwa na miaka saba. Hakuwa hodari wa mbio, na katika michezo ya watoto asiye hodari wa mbio huwekwa langoni. Hivyo ndivyo alivyopata kuwa kipa. Hakuna hadithi kubwa zaidi ya hiyo.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Waliowahi kutazama hoki ya nyasini pale Mombasa Sports Club wana nusu ya maelezo tayari. Kila upande una wachezaji watano na kipa. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, umezungukwa na ukuta mfupi wenye kioo juu yake, na kinachopigwa ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, kila baada ya dakika moja au chini yake, kwani mbio zile hakuna kifua kiwezacho kuzistahimili zaidi. Baina ya vipindi huingia mashine iitwayo Zamboni, ambayo bwana mmoja wa California, Frank Zamboni, aliibuni mwaka 1949. Huiparuza barafu iliyochimbika, kisha ikaimwagia maji ya moto. Ndiyo, ya moto: huyeyusha kidogo uso wa barafu ya chini, yakashikana nayo na kuganda pamoja, na uwanja ukarudi kung'aa. Binti yetu, ambaye hana haja na hoki hata chembe, huja viwanjani kuitazama mashine hiyo tu.

Kipa hubaki mahali pamoja. Huvaa mito mipana miguuni, bamba kifuani, glavu kubwa mkononi na kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, na hukaa akingojea kisahani kirushwe kwake kwa kasi ambayo macho yetu bado hayajaizoea. Vifaa vyake peke yake hujaza mfuko ambao mtu mzima aweza kulala ndani yake. Harufu ya mfuko huo tutaistiri.

Hilo daraja la pili nalo lahitaji maelezo, maana ndilo linalowachanganya watu. Wakisikia "timu ya chuo, Marekani", ndugu zetu hudhani mtoto amelipiwa masomo. Wapo wanaolipiwa, lakini si hawa. Chama kikuu cha michezo ya vyuo, NCAA, kimekuwa na ubingwa wa hoki ya barafuni tangu 1948. Timu zake za daraja la kwanza hutoa ufadhili, hujaza viwanja, na baadhi ya vijana wake huishia kwenye ligi ya kulipwa. Daraja la pili NCAA hata haina tena ubingwa wake katika mchezo huu, ulikoma 1999. Kando ya mti huo mkubwa viliota vilabu vinavyoendeshwa kwa nguvu za wanafunzi, na mwaka 1991 vikaundiwa chama chao, ACHA, ambacho leo kina madaraja matatu ya wanaume na mawili ya wanawake. Mwanetu yumo katika daraja la pili la wanaume la chama hicho, pamoja na vijana wa vyuo zaidi ya mia moja nchi nzima.

Maana yake ni kwamba hapewi kitu. Yeye ndiye atoaye. Wachezaji hujilipia ada, na kwa ada hizo hukodiwa uwanja, ambao saa moja tu hugharimu mamia ya dola, hulipwa waamuzi, basi na vyumba vya hoteli. Viwanja navyo mchana na jioni huchukuliwa na watoto na timu za shule, kwa hivyo vijana wa chuo hupata saa zilizobaki. Mazoezi ya mwanetu yalianza saa nne na robo usiku, mara mbili kwa wiki, na asubuhi kulikuwa na darasa. Watazamaji ni wazazi wachache, wanafunzi waliokosa pa kwenda, na watoto wadogo waliokwisha kucheza mapema wakakataa kurudi nyumbani.

Ada ya msimu uliopita ilikuwa dola 2,400, na hapo ndipo palipozuka maneno ndani ya nyumba yetu.

Wasomaji walio na jamaa ng'ambo wajua kwamba mshahara wa huku una wenyewe kabla haujaingia benki. Kila mwezi tuna fungu la mama yetu aliyeko Kibokoni, la dawa zake za sukari na la mtu wa kumsaidia kazi. Tuna watoto wa dada wawili shuleni. Tuna nyumba ya wazee ambayo paa lake lavuja kila masika. Mmoja wetu alisema waziwazi kwamba dola 2,400 za kutelezea barafu ni sawa na kulitoboa paa lile kwa mkono wetu wenyewe. Mwingine alisema kwamba kijana hanywi, havuti, haulizwi alikokuwa usiku kwa kuwa ajulikana yuko uwanjani, na kwamba mambo hayo nayo yana bei. Tulizungumza hivyo kwa wiki nzima, na tukafikia uamuzi kwamba pesa za nyumbani hazitaguswa. Akitaka msimu, aununue mwenyewe.

Akaununua. Jumamosi na Jumapili asubuhi alikuwa refa wa michezo ya watoto wa miaka minane na tisa, kazi ambayo wanafunzi wengi wa huku huifanya, na siku nyingine mbili alipanga bidhaa kwenye rafu za duka hadi usiku. Tulipomwambia mama yetu kwa simu habari ya ada na kazi hizo, hakuuliza ni shilingi ngapi. Aliuliza, "Na hao anaokaa nao ni watu wa namna gani?"

Lilikuwa swali la haki, na hatukuwa na jibu lililo tayari. Tuliamua kwenda kuwatazama.

Msimu huanza mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, majani yakiwa yanapukutika. Michezo huwa miwili miwili, Ijumaa usiku na Jumamosi, dhidi ya timu ile ile. Tulihudhuria mitano kabla ya Desemba, na katika yote mitano mwanetu hakuingia uwanjani hata dakika moja. Kipa wa pili ana kazi zake. Kabla ya mchezo hurushiwa visahani ili wenzake wapashe mikono moto. Mchezo ukianza, huketi mwisho wa benchi karibu na kilango, na kila wachezaji wanapobadilishana yeye hukifungua na kukifunga. Huwapa maji. Huhesabu kichwani ni nani apigaye kushoto na nani kulia, na baina ya vipindi humnong'oneza kipa wa kwanza aliyoyaona.

Baada ya mchezo wa tano baba yake alishindwa kujizuia. Tulikuwa tumeendesha gari saa tano katika theluji, na tungerudi saa tano nyingine. Alimuuliza, "Mwanangu, walipa sawasawa na wenzako ili ufungue mlango?"

Kijana alifikiri kidogo, akajibu, "Baba, mlango ukichelewa kufunguliwa tunafungwa." Kisha akauliza kama tumemletea mahamri.

Tuseme habari ya sala, kwa kuwa akina mama wengi hutuuliza. Huko Mombasa adhana ya magharibi hutofautiana kwa nusu saa hivi mwaka mzima. Huku, Desemba, jua huchwea kabla ya saa kumi na moja jioni, na adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana kama watoto wa mama mmoja. Juni magharibi huwa saa tatu usiku. Kwa msimu wa hoki hili ni jepesi upande mmoja, maana mchezo wa saa moja na nusu usiku huanza magharibi ikiwa imekwisha kuswaliwa zamani. Safarini hukusanya na kupunguza kama msafiri yeyote. Mahali ndipo palipo na taabu. Ameswali kwenye korido za hoteli, kwenye chumba cha kunolea viatu, na mara moja nyuma ya Zamboni iliyoegeshwa. Mchezaji mwenzake mmoja, kijana wa mashambani ambaye hajawahi kukutana na Mwislamu maishani mwake, alijitwika kazi ya kusimama mlangoni asipite mtu. Hakuna aliyemtuma.

Jambo la pombe ni zito zaidi, na hatutalipamba. Sheria ya Marekani huruhusu pombe kwa aliyetimiza miaka 21, na vijana wengi wa timu wamefika au wanajifanya wamefika. Baada ya mchezo wa Jumamosi huenda kunywa. Mwanetu haendi ndani, lakini saa saba za usiku simu yake hulia, naye hutoka kitandani, akawasha gari, akawafuata na kumrudisha kila mmoja kwake. Alituambia mwenyewe, hakutuficha. Juu ya hili sisi wawili hatujakubaliana hadi leo. Mmoja wetu aona kwamba anayewapokea walevi mlangoni amekaribia mno mlango huo, na kwamba kumwepusha mtoto na mahali fulani ni pamoja na gari lake. Mwingine huikumbuka barabara yenye barafu, saa hizo, na vijana wa watu, akasema kwamba lau mtoto wa kwetu angekuwa amekosea vivyo hivyo, tungemwomba Mungu amtumie dereva kama huyo. Tulimpa mama yetu majibu yote mawili kama yalivyo. Alinyamaza hata tukadhani simu imekatika, kisha akasema, "Mwambieni asizime simu, lakini asishuke garini." Kijana ameshika neno hilo.

Januari kipa wa kwanza aliumia goti. Tulipata habari siku ya Alhamisi, na Ijumaa mchana tulikuwa barabarani, sambusa za binti yetu zikiwa bado moto kwenye karatasi.

Mzazi wa kipa hana pa kuyaweka macho. Mzazi wa mshambuliaji hungoja mtoto wake apate kitu; wa kipa hungoja asipatwe na kitu. Usiku ule alirushiwa visahani zaidi ya 40, na saba vikaingia. Tulifungwa 7–2. Bao la tatu lilipita katikati ya miguu yake polepole, kama kuku avukaye njia, na mtu mmoja nyuma yetu akacheka kwa sauti. Mama yake aliondoka akakae garini, akawasha hita, akafungua Qur'ani kwenye simu, na hakurudi hadi watu walipoanza kutoka. Baba yake alibaki, kwa kuwa, alivyosema baadaye, mtoto akitazama juu lazima amwone mtu mmoja anayemjua.

Hatukulala hotelini vizuri. Tulikuwa tumejiandaa kumkuta amevunjika, na tulikuwa na maneno tayari. Yeye asubuhi alitaka mayai, na alizungumza na baba yake kuhusu lile bao la tatu tu, kwa utulivu, kama fundi aelezaye ni kwa nini bawaba imelegea. Goti lake la kushoto lilichelewa kushuka. Mabao mengine sita, alisema, hata angekuwa na mikono minne yangeingia. Usiku wa Jumamosi walishinda 3–2.

Kwa wiki tano alikaa langoni. Tulishinda michezo mitano, tukapoteza mitatu. Tunasema "tuli", na msomaji atuwie radhi; hatujui ni usiku gani hasa tulianza kusema hivyo.

Na hatukuwa peke yetu. Michezo hii huonyeshwa kwa intaneti, kwa kamera moja iliyofungwa juu, mara nyingine ikisahauliwa kuelekea kona isiyo na mtu. Saa moja na nusu ya usiku wa kwetu ni saa kumi na nusu ya alfajiri Mombasa. Mpwa wetu aliyeko Kibokoni aliunganisha simu na televisheni, na kwa kuwa mama yetu huamka usiku kwa sala zake, akawa huketi na tasbihi yake akitazama mpaka adhana ya alfajiri imwondoe. Mara ya kwanza alilalamika kwamba wote wamevaa sare na kofia, hamjui wa kwake. Akaambiwa atazame langoni. "Ah," akasema, "ni yule asiyekimbia." Tangu hapo hilo ndilo likawa jina lake nyumbani, na majirani huuliza, "Asiyekimbia alishinda?"

Kuna jambo moja mpwa huyo alimwonyesha nyanya yake ambalo nasi tulifurahi kulijua vizuri zaidi. Mwaka 2022 timu ya Colorado Avalanche ilichukua Stanley Cup, kombe kubwa la hoki ya kulipwa, na mmoja wa wachezaji wake alikuwa Nazem Kadri, Mwislamu wa kwanza kulinyanyua, mtoto wa familia yenye asili ya Lebanon iliyohamia Kanada. Kila mchezaji wa timu bingwa hupewa kombe hilo siku moja alipeleke atakako. Kadri alilipeleka katika mji wake wa London, jimbo la Ontario, hadi kwenye msikiti wa huko. Zamani zaidi, Januari 18, 1958, Willie O'Ree alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, akiwa na timu ya Boston Bruins, naye jicho lake moja lilikuwa halioni, siri aliyoificha ili asizuiwe kucheza. Na wanaodhani barafu ni ya Wazungu peke yao waelewe kwamba hata Nairobi kilifunguliwa kiwanja kidogo mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, na ndiko timu ya Kenya Ice Lions ilikojifunzia. Hoteli hiyo iko, tena, kwenye Barabara ya Mombasa. Mama yetu alilipenda sana hilo la barabara.

Timu za daraja hili hupangwa kwa kanda. Chache za juu hupita moja kwa moja kwenda kwenye mashindano ya taifa ya Machi. Zinazofuata hukutanishwa kwanza kanda kwa kanda kugombea nafasi zilizosalia. Timu ya mwanetu ilipata kuingia katika hayo ya kanda, kwa shida, na kwa sehemu kubwa kwa zile wiki tano. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Ramadhani nayo ilikuwa changa, katika kumi la mwanzo.

Hapo palikuja maswali mawili kwa pamoja. La kwanza, je, afunge? Alikuwa msafiri, na sheikh wa mji wa chuo chake alimweleza ruhusa ya msafiri bila kumzungusha. La pili, je, atacheza? Kwa maana goti la kipa wa kwanza lilikuwa limepona, na kocha hakuwa ametoa neno. Aliamua hivi: akipangwa kucheza atachukua ruhusa na kulipa siku hiyo baadaye, akiwekwa benchi atafunga. Uamuzi mzuri, ila kocha hutangaza majina saa tatu asubuhi, na nia ya saumu haingoji saa tatu.

Aliamka saa kumi usiku katika chumba cha hoteli, wenzake watatu wakikoroma, akala tende na mkate wa mofa alioletewa na mama yake, akanuia. Hakujua. Alituambia baadaye kwamba aliona ni rahisi kunuia na kisha kutumia ruhusa akihitaji, kuliko kula na kisha kukaa benchi mchana kutwa akijitazama.

Saa tatu likatajwa jina la kipa wa kwanza.

Sisi tulikasirika. Tuandike ukweli, tulikasirika sana, mama zaidi ya baba. Huyu mwingine alikuwa na goti la wiki moja, na wa kwetu ndiye aliyewafikisha pale. Tulizungumza maneno kwenye maegesho ya magari ambayo mwezi ule haukustahili kuyasikia. Mwanetu alitujia akiwa amekwisha kuvaa nusu ya vifaa, akatuona nyuso zetu, akasema, "Yeye ni bora kuliko mimi. Nyinyi hamjui hoki." Akaenda zake kurushiwa visahani.

Mchezo ulianza saa saba mchana. Alifungua kilango na kukifunga kwa vipindi vitatu. Aliwamiminia wenzake maji. Binti yetu, ambaye safari hii hakuijali Zamboni, alitaka kuhesabu mara ngapi kinafunguliwa, akafika mia na kitu akachanganyikiwa. Kipa wa kwanza alicheza vizuri, hatuna budi kusema hivyo. Kuna kisahani kimoja alichokidaka katika kipindi cha pili kilichowainua hata wazazi wa upande wa pili. Matokeo yalikuwa sare ya 3–3 hadi mwisho, ikaongezwa muda, na katika dakika ya nne kisahani kikagonga kiatu cha mlinzi wao mwenyewe kikaingia. 4–3. Msimu umekwisha. Kipa wa kwanza alilala kifudifudi juu ya barafu, na wa kwanza kumfikia alikuwa yule asiyekimbia, ambaye kwa mara hiyo moja tulimwona akikimbia.

Walikuwa na safari ndefu ya basi. Tuliwapa sanduku lenye sambusa sitini, kaimati, tende, na chupa mbili za chai ya tangawizi, vilivyokusudiwa futari ya mtu mmoja na wageni wake. Jua lilichwea karibu saa kumi na mbili, nao wakiwa bado njiani katikati ya mashamba. Kwa maelezo aliyotupa, basi zima lilikuwa kimya tangu liondoke. Alipotoa tende, yule kijana wa mashambani aliyekuwa akimlindia mlango akamuuliza kama wakati umefika, akatazama saa yake mwenyewe, akawatangazia wenzake. Sanduku likazunguka. Kocha alikula sambusa tano. Kipa wa kwanza alikataa kula chochote mpaka karibu na mwisho wa safari, kisha akaomba chai.

Mama yetu alikuwa amekesha akitazama, ingawa mchezo wa saa saba mchana kwetu ulimwangukia wakati wa tarawehe na alikosa kipindi cha kwanza. Siku ya pili alipiga simu, akataka kuzungumza na mjukuu wake peke yake. Hatujui walizungumza nini. Tunajua tu kwamba wiki iliyofuata mpwa wetu alituma ujumbe kwamba nyanya amemwamuru atafute njia ya kupeleka Marekani shilingi elfu tano, alizoziweka akiba kutoka katika fungu lile lile tunalomtumia, "kwa ajili ya barafu". Tulimsihi aziache. Alisema pesa zikishapewa mtu ni zake, na mwenye chake hapangiwi.

Zilifika, zikiwa dola thelathini na kitu baada ya makato. Mwanetu hakuzitumia kwa ada. Amenunua kwazo bawaba mpya na kopo la mafuta, akakitengeneza kile kilango cha benchi katika uwanja wa nyumbani, ambacho alisema kilikuwa kikikwama tangu mwaka wake wa kwanza.

Ada ya msimu huu imepanda hadi dola 2,550. Amekwisha kulipa nusu. Kipa wa kwanza amehitimu na kuondoka, lakini tumesikia kwamba amesajiliwa kijana mpya kutoka Wisconsin, mrefu, na kwamba ni mzuri sana.